Mashine Ilivuka Usiku

Mashine ilivuka usiku, juu ya lori la vitunguu,
kinu cha kusagia mahindi, kilo mia mbili na themanini,
na hakuna aliyekiuliza jina.
Mto Lwakhakha ulikuwa mdogo, kama jasho la mgongoni.
Hukumu yangu ina uzito wa karatasi nne
na huu mwaka wa pili imekwama kivukoni.

Mimi Nakhumicha, fundi wa kuchomelea, wa Chwele.
Kinu kile nilikikata kwa mkono wangu,
nikakitia nyundo kumi na sita. Ya tisa
niliiunga vibaya, nikaiacha;
ndiyo maana kikisaga kinakohoa.
Woniala alilipa robo, akacheka vizuri, akasema,
"Si sisi ni ndugu? Ngoma yetu ya jando ni moja."
Ni moja kweli.
Ila siku ya kulipa alikumbuka uraia.

Hakimu wa Bungoma alinipa haki yangu:
laki sita na arobaini, na riba, na gharama.
Niliibusu ile karatasi. Sikujua
kwamba haki nayo ina kijiji chake,
ikitoka huko inaulizwa, wewe ni wa nani?

Mbale. Wanale umeinama juu ya mji
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
Ghorofani, Bi Khainza wa masjala
anainua hukumu kwenye mwanga wa dirisha.
"Muhuri huu wa nani?"
Wa mahakama ya Bungoma, mama.
"Nitajuaje?"

Nikarudi. Nikaleta nakala iliyothibitishwa,
na kiapo kwamba iliyothibitishwa ndiyo yenyewe,
na barua ya wakili Gidudu kwamba mimi ndiye mimi.
Nauli ya bodaboda, nauli ya teksi, stempu,
chai na chapati, malazi ya elfu kumi na tano
katika chumba ambacho kitasa chake ningekitengeneza bure.

Kisha, Jumanne moja, ikasajiliwa.
Karani akageuza shilingi yetu kuwa shilingi yao:
laki sita ikavimba, ikawa milioni kumi na nane!
Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa tajiri.
Halafu nikakumbuka bei ya nyama ya huku.

"Sasa tumpelekee taarifa," Gidudu akasema,
"naye ana siku zake za kupinga."
Siku zake.

Nikatembea hadi Namatala kuipoteza jioni.
Na hapo, nyuma ya duka la mbolea,
nikasikia kikohozi.
Kinasaga, kinasaga, kinakohoa.
Kinasaga.
Miguu ilijua kabla yangu.
Wanawake watano na mabeseni, msichana
mwenye unga kwenye nyusi. Mkanda mpya. Grisi safi.
Wamekitunza, hilo niseme,
maana kiapo ni kiapo.

"Kilo ngapi?" msichana akauliza.
"Mbili," nikajibu, kwa lugha yetu sote,
na nikalipia.
Nililipa! Elfu tano na mia nne, taslimu,
kwa kazi ya kinu changu, mdai kwa mdaiwa,
naye akanirudishia chenji mia sita kamili,
pesa ya kwanza kutoka nyumba ile tangu robo.

Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga,
hawakutaja matanga yanafanyika nchi gani.

Kwenye kizuizi cha Lwakhakha kijana mwenye sare
akabonyeza mfuko. "Umebeba nini?"
"Unga."
"Wa biashara?"
Nikafikiri kidogo. Chini yetu mto ulikuwa unakula
mchanga wa kingo zote mbili.
"Wa kesi," nikasema.
Akadhani natania, akanipisha.